Viti Viwili

Ijumaa, Ruwi, saa nane mchana.
Wafilipino wametoka, ukumbi bado unanukia pilipili na siki.
Wamalayali wataingia saa kumi.
Katikati yao, kwa saa mbili, sisi:
Wamethodisti kumi na saba wa Kiswahili,
mayaya, walinzi, fundi mmoja wa viyoyozi,
na sanduku la sadaka lililokuwa kopo la maziwa ya unga.

Kiambati si mchungaji. Juma zima anahesabu magunia.
Kazi yangu iko Ghala, ghalani, husema,
mzaha wake wa pekee, na ameshauchakaza.
Ndiye aliyemleta mlangoni:
"Huyu ni Dhadho. Ametoroka nyumba moja Barka.
Anatafuta pa kulala mpaka ubalozi uamke."

Salamu yake tu ilinitosha.
Lafudhi ile niliisikia mara ya mwisho usiku,
ikiuliza kiberiti kiko kwa nani,
na ghala letu la mahindi likajibu.

Nami nilipoitikia, bega lake lilirudi nyuma.
Maana na sisi tulivuka mto.
Tusidanganyane, na sisi tulivuka,
na mapanga yaleyale ya kupalilia migomba,
tukakata ndama mishipa ya miguu.
Kaka yangu Buya alikuwa na miaka kumi na tisa.
Baba yake alikuwa anatafuta fahali aliyepotea.

Wenzangu wa Meru hawakujua kitu.
Nkatha alimpa chai ya tangawizi,
na alasiri ilipofika akamwazima kanga,
akaswalia kwenye ujia, karibu na ndoo za kupigia deki.

Kiambati alijua. Nilingoja ahubiri
ili nipate wa kumkasirikia.
Hakuhubiri. Alitoa daftari la baisa mia mbili,
akasema, Januari huwa tunasoma Agano,
mwaka huu tuanze na wafu.
Kila mtu ataje wake, wa vita vya kwao,
wa upande wowote,
na tuwapange kwa alfabeti, kama shuleni.

Kwenye B ndipo tulipokutana.
Barisa, kisha Buya.
Hata mstari mmoja wa kupumulia haukuwepo.

Dhadho hajui kuandika. Kalamu ilikuwa kwangu.
"Barisa nani?"
"Barisa Dhidha."
Nikaandika: Barisa Dida.
Nikapuliza wino. Nikafunga.

Ijumaa ya pili akaja na simu ya kioo kilichopasuka,
ndani yake picha ya kadi ya chanjo ya ng'ombe,
jina la mwenye mifugo kwa mkono wa bwana mifugo.
Akailaza simu kando ya daftari.
Kidole kikapita herufi kwa herufi,
kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.
Kikasimama.

"Hapa palikuwa na kiti. Na hapa kingine.
Umemsimamisha baba yangu."

Nikaitazama ile h kwenye picha.
Kweli ni kiti. Mgongo, miguu, vyote vipo.

Ningeweza kusema sikusikia vizuri.
Lakini majina yao nimeyasikia mnadani tangu sijaota meno ya ukubwani,
na shule ilinifundisha hiyo dh kwa kiboko:
dhahabu, dhiki, dhambi.
Nilijua, nikamwambia. Nilijua nilipokuwa naandika.

Hakulia. Hakunikumbatia.
Alilisukuma daftari upande wangu.

Nikakichonga kiti cha kwanza, kikaenea.
Cha pili kilibanwa, nafasi ilikuwa finyu,
mguu wake ukateremka mstari wa chini
ukagusa B ya Buya.

"Nikifute?"

Wamalayali walikuwa wanabisha, saa kumi imepita,
mtu ameshaanza kujaribu kinanda huko nje ya dirisha.
Dhadho aliinama karibu sana na karatasi,
harufu ya sabuni ya nyumba ya watu ikiwa bado nyweleni mwake.

"Kiache," alisema. "Kitakauka hivyo hivyo."